Kuweka Mali Yako Nyumbani

Likizo iliyopita kaka yangu alipoteza picha zote za arusi ya dada yetu. Alikuwa amezitia katika akaunti ya kampuni moja ya ng'ambo. Akaunti ikafungwa, na barua zake hazikujibiwa. Mama alilia. Ndipo nilipoanza kuuliza: kitu changu chakaa kwa nani?

Kumbe mtu aweza kuwa na ghala yake mwenyewe. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, yafaa kwa kazi hii. Hutiwa programu ya Nextcloud, isiyolipiwa, na diski ya kutunzia.

Mazungumzo nayo yaweza kugawanywa vivyo hivyo. Mastodon, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2016, haina bwana mmoja. Ina seva nyingi, kila moja na mwenyewe na sheria zake, nazo husemezana kwa kanuni iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa Januari 2018. Kama vile mtu wa posta hii amwandikiavyo wa posta ile. Ukihama seva, waweza kuwachukua wafuasi wako. Lakini maandishi yako ya zamani hayahami, na jambo hili wanaoisifu hulisema kwa sauti ndogo.

Msidhani kazi ni rahisi. Umeme hukatika, diski hufa, na mwenye seva ndiye fundi na ndiye mlinzi. Mwalimu wetu wa fizikia aliniuliza, "Nyumba ikiungua je?" Nilinyamaza. Sasa picha chache tulizookota katika simu za jamaa zina nakala ya pili kwa mjomba, na kaka huipeleka mpya kila mwisho wa mwezi.