Bunduki ya Marisau na Ulinzi wa Nyumba: Somo la Nishati na Momenta

Watu wengi hudhani kwamba risasi mbili zenye nishati sawa hufanya kazi sawa, na kwamba iliyo ghali zaidi ndiyo iliyo bora zaidi. Dhana zote mbili ni potofu, na upotofu wake waweza kuonyeshwa kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anazijua. Makala haya yanachunguza swali moja: ni kitu gani hasa kinachoamua ubora wa risasi ya bunduki ya marisau iwekwayo nyumbani kwa ajili ya ulinzi, na ni hatari gani inayofuatana nayo?

Swali hili huulizwa zaidi nchini Marekani. Mwaka 2008, katika shauri la District of Columbia dhidi ya Heller, Mahakama ya Juu Kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba raia anayo haki ya kuweka silaha nyumbani mwake ili kujilinda. Huko mwenye nyumba huingia dukani, hukuta aina nyingi za risasi, na hulazimika kuchagua mwenyewe. Hali ni tofauti katika Afrika Mashariki: Tanzania inayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya inayo Sheria ya Silaha, Sura ya 114, zote mbili humtaka mwenye silaha kuwa na kibali. Hata hivyo kanuni za fizikia ni zile zile kila mahali, na mfano wa Marekani wafaa kwa kujifunzia.

Yaliyomo ndani ya risasi moja

Neno risasi limetoka katika Kiarabu, ambamo ni jina la metali yenyewe, ile ambayo alama yake ya kikemia ni Pb. Ili kuepuka utata, katika makala haya "risasi" ni kitu kizima kinachotiwa bundukini, "marisau" ni punje zilizomo ndani yake, na metali itaitwa "metali ya risasi".

Risasi ya bunduki ya marisau ni ganda la plastiki lenye kitako cha metali. Katikati ya kitako imo fataki, ambayo huwaka inapogongwa. Moto wa fataki huwasha baruti. Baruti huungua upesi na kugeuka gesi. Nayo gesi husukuma kizibo cha plastiki, na juu ya kizibo ndipo yalipokaa marisau. Kwa mujibu wa viwango vya watengenezaji wa Marekani, kanieneo ya gesi katika risasi ya kawaida ya namba 12 haipaswi kuzidi megapaskali 79. Hiyo ni karibu mara 780 ya kanieneo ya hewa tuivutayo.

Namba 12 si sentimita wala inchi. Ni kipimo cha kale. Chukua ratili moja ya metali ya risasi, yaani gramu 453.6, uigawe katika tufe 12 zilizo sawa. Kila tufe litakuwa na gramu 37.8. Densiti ya metali ya risasi ni gramu 11.34 kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa hiyo ujazo wa tufe ni sentimita za ujazo 3.33, na kipenyo chake ni milimita 18.5. Hicho ndicho kipenyo cha mtutu wa bunduki namba 12. Hivyo namba inapokuwa kubwa, mtutu huwa mwembamba.

Jumla sawa, matokeo mbalimbali

Sasa tulinganishe risasi mbili za namba 12. Ya kwanza ina punje 9 kubwa, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 8.4 na tungamo la gramu 3.5. Punje za ukubwa huu hutumiwa kwa kuwinda wanyama kama kulungu. Ya pili ina punje 450 ndogo za kuwindia ndege, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 2.3 na tungamo la gramu 0.07. Tuchukulie kwamba zote mbili zinatoka mtutuni kwa kasi ya mita 360 kwa sekunde.

Tungamo la jumla ni sawa: 9 × 3.5 = gramu 31.5, na 450 × 0.07 = gramu 31.5. Nishati mwendo ni nusu ya zao la tungamo na kipeo cha pili cha kasi. Kwa kila risasi twapata:

½ × 0.0315 × 360 × 360 = jouli 2041.

Mtu anayetazama jumla peke yake atasema kwamba risasi hizi ni sawa. Lakini jumla hiyo imegawanywa. Kila punje kubwa hubeba jouli 227, hali kila punje ndogo hubeba jouli 4.5 tu. Moja ni mara 50 ya nyingine.

Wala si nishati peke yake. Punje inapopenya hewani au ndani ya kitu kingine, ukinzani hutegemea eneo la uso wake wa mbele, na uwezo wa kuushinda ukinzani huo hutegemea tungamo lake. Eneo hukua kwa kipeo cha pili cha kipenyo, na tungamo hukua kwa kipeo cha tatu. Kwa hiyo tungamo kwa kila milimita ya eneo hukua sawia na kipenyo chenyewe. Punje ya milimita 8.4 inayo tungamo kwa eneo mara 3.7 kuliko punje ya milimita 2.3. Ndiyo sababu punje ndogo hupoteza kasi yake mapema, hewani na penginepo, na punje kubwa huendelea.

Kipimo cha jelatini

Tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wa FBI walipambana kwa silaha na majambazi wawili karibu na mji wa Miami. Maofisa wawili waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa. Uchunguzi uliofuata uliwafanya wataalamu watafute kipimo thabiti cha risasi. Kipimo kilichoenea tangu wakati huo ni jelatini ya asilimia 10, iliyopozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, ambayo ukinzani wake hukaribia ule wa misuli. Risasi hutakiwa ipenye angalau sentimita 30, kwa kuwa mvamizi aweza kuwa amesimama upande, au mkono wake ukawa mbele ya kifua.

Kipimo hiki kiliwekwa kwa bastola, lakini sasa hutumiwa pia kwa marisau. Punje kubwa za milimita 8.4 hutimiza sharti hilo kwa urahisi. Punje za kuwindia ndege aghalabu huishia katikati ya njia au kabla yake, kama hesabu yetu ilivyotabiri. Basi risasi ya ndege, ijapokuwa inatoa kishindo na moto ule ule, haiwezi kutegemewa kumzuia mtu mwenye nia ya kuua.

Mtu aliye nyuma ya ukuta

Hapa ndipo penye tatizo kubwa. Nyumba nyingi za Marekani zimegawanywa vyumba kwa nguzo za mbao zilizogongomelewa mabamba ya jasi kila upande, yale ambayo mafundi wetu huyaita gipsamu. Bamba moja lina unene wa milimita 13 hivi. Kitu kinachoweza kupenya sentimita 30 za jelatini hakiwezi kuzuiwa na mabamba mawili ya jasi. Punje kubwa hupita ukuta mmoja, wa pili, na hata zaidi. Hata punje za ndege, zikipigwa kutoka umbali wa chumba kimoja, hupita ukuta mmoja kwa kuwa bado zimeshikana pamoja.

Baadhi ya wauzaji na wanunuzi hutafuta risasi itakayomzuia mvamizi na papo hapo isipite ukuta. Fizikia haitoi risasi ya namna hiyo. Uwezo wa kupenya ni mmoja tu, nao haubagui mwili wa mvamizi na kitanda cha mtoto aliyelala chumba cha pili. Kwa hiyo uchaguzi wa risasi haumwondolei mwenye nyumba wajibu wa kujua nini kiko mbele ya mtutu wake na nini kiko nyuma ya hicho. Ukuta wa matofali mazito ya saruji huzuia marisau, lakini mlango wa mbao, dirisha na dari havizuii; tena punje iliyogonga saruji yaweza kudunda.

Je, marisau hutawanyika?

Imani nyingine iliyoenea ni kwamba mwenye bunduki ya marisau hana haja ya kulenga. Kwa kadirio la kawaida, punje kubwa zikitoka katika mtutu usiobanwa mdomo hutawanyika kiasi cha sentimita 2.5 hadi 3 kwa kila mita ya mwendo. Chumba kina urefu wa mita 5 hivi; basi upana wa mtawanyiko utakuwa sentimita 12 hadi 15, kama kiganja cha mkono. Asiyelenga atakosa, na punje zote 9 zitakwenda ukutani.

Watengenezaji hupunguza mtawanyiko kwa njia mbili. Kwanza, hupaka punje shaba au huzichanganya na unga wa plastiki ili zisibonyee zinaposukumwa, kwa maana punje iliyopoteza umbo la tufe huenda kombo. Pili, hutengeneza kizibo chenye umbo la kikombe ambacho huendelea kuzishika punje kwa muda baada ya kutoka mtutuni. Njia hizi huongeza bei, lakini faida yake yaweza kupimwa: punje chache hupotea nje ya shabaha.

Teke la bunduki

Kwa kanuni ya tatu ya Newton, bunduki husukumwa nyuma kama marisau yanavyosukumwa mbele. Momenta ya marisau ni 0.0315 × 360 = 11.3 katika kipimo cha kilogramu-mita kwa sekunde. Bunduki yenye kilogramu 3.2 hurudi kwa kasi ya mita 3.5 kwa sekunde, bila kuhesabu gesi na kizibo. Teke hilo si dogo, nalo humfanya mpigaji achelewe kulenga tena. Risasi zenye baruti pungufu hupunguza teke, na kwa umbali wa chumba bado hupenya vya kutosha.

Hesabu hiyo hiyo yafuta hadithi ya sinema. Momenta ya 11.3 ikitua yote juu ya mtu wa kilogramu 70 humpa kasi ya mita 0.16 kwa sekunde tu. Hakuna arushwaye hadi ukutani na bunduki ya marisau.

Uthabiti na bei

Risasi za ndege hutengenezwa kwa wingi mno kwa ajili ya mchezo wa kulenga visahani vya udongo; kwa hiyo ni rahisi, na kwa kawaida huuzwa katika masanduku ya risasi 25. Risasi za punje kubwa aghalabu huuzwa katika masanduku ya risasi 5, na kila moja hugharimu zaidi. Mwenye busara hununua za bei nafuu kwa mazoezi, na masanduku machache ya punje kubwa kwa kuweka akiba. Lakini za akiba nazo lazima zijaribiwe katika bunduki ile ile itakayotumika. Baadhi ya bunduki zinazojipakia zenyewe kwa nguvu ya gesi hukwama zikipewa risasi zenye baruti pungufu, na vitako vya chuma vya risasi fulani rahisi hupanuka na kung'ang'ania ndani ya mtutu.

Yapo mengine yasiyohitaji fedha. Risasi ihifadhiwe mahali pakavu pasipo joto kali, chini ya kufuli, mbali na watoto. Risasi za namba 12 na namba 20 zisichanganywe kamwe. Ile ya namba 20, ambayo huko Marekani hupewa rangi ya manjano kwa sababu hii hii, huteleza ndani ya mtutu wa namba 12 na kukwama mbele. Risasi ya namba 12 ikitiwa nyuma yake na kupigwa, mtutu hupasuka mkononi mwa mpigaji. Mwisho, vumbi la metali ya risasi ni sumu. Baada ya mazoezi hapana budi kunawa mikono kabla ya kula. Kwa ajili ya sumu hiyo, tangu mwaka 1991 Marekani nzima imekataza marisau ya metali ya risasi katika kuwinda bata na mabata bukini.

Kwa muhtasari: si jumla ya nishati inayoamua, bali namna jumla hiyo ilivyogawanywa, risasi nzuri ni ile iliyojaribiwa, si ile ya bei kubwa, na risasi yoyote yenye nguvu ya kutosha kumzuia mtu inayo nguvu ya kutosha kupita ukuta mwepesi.

Maswali

1. Tafuta kipenyo cha mtutu wa bunduki namba 20. (Jibu: milimita 15.6.)

2. Risasi moja ina punje 27, kila moja gramu 1.3, nayo kasi ni mita 360 kwa sekunde. Tafuta nishati ya punje moja na ya zote. (Jibu: jouli 84, jouli 2274.)

3. Densiti ya chuma ni gramu 7.8 kwa kila sentimita ya ujazo. Tafuta tungamo la punje ya chuma yenye kipenyo cha milimita 8.4. Kwa nini punje hiyo hupoteza kasi mapema kuliko ile ya metali ya risasi? (Jibu la sehemu ya kwanza: gramu 2.4.)

4. Chora ramani ya nyumba yenye vyumba vitatu vilivyotengwa kwa mabamba ya jasi. Onyesha pande ambazo mtutu hauwezi kuelekezwa bila kuhatarisha maisha ya wakazi au majirani, kisha ujadili darasani kama zinabaki pande zozote.