Lantana Mbele ya Nyumba: Somo Kutoka Busia na Tororo

Anayetaka maua mlangoni huanza na lantana. Haina kazi: unachomeka kipande cha tawi wakati wa mvua, kinashika. Maua yake yana rangi, harufu yake ni kali, na uzio wake hauhitaji seng'enge. Lakini kabla hamjapanda, someni yaliyotokea mpakani mwa Kenya na Uganda.

Mbung'o wa kule kwa kawaida hukaa vichaka vya mitoni. Ugonjwa wa malale ulipolipuka Busoga kuanzia mwaka 1976, mashamba ya kahawa na pamba yalikuwa yameachwa, lantana ikayajaza. Mbung'o wakahamia humo, karibu na nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 malale yakapamba moto Tororo.

Kwa nini lantana? Mbung'o hatagi mayai. Jike huzaa buu mmoja kila baada ya siku 9 au 10 hivi, kwenye udongo laini wenye kivuli. Buu hujifukia, na baada ya mwezi hivi hutoka mbung'o mzima. Chini ya kichaka kisichokatwa ndipo anapopataka.

Kama unayo tayari, kata matawi ya chini mpaka usawa wa goti ili jua lifike ardhini, na fagia majani yaliyoanguka. Ukitaka kuiondoa, ng'oa na mizizi. Kisiki huchipua tena. Usifunge ng'ombe hapo: anaweza kubeba vimelea vya malale bila kuonekana mgonjwa, na majani yenyewe ni sumu kwake. Watoto wasile matunda mabichi.

Kwa harufu nzuri, sisi tunapendekeza asumini. Kata kipande cha urefu wa shubiri, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye udongo wenye samadi iliyooza, mahali penye kivuli. Maji uliyooshea mboga yanatosha. Kikishachipua vizuri, hamishia juani, na upunguze matawi kila baada ya maua ili kisiwe kichaka.

Mwenye homa isiyosikia dawa ya malaria, maumivu ya kichwa, au anayesinzia mchana na kukesha usiku, aende zahanati apimwe damu kwa hadubini. Amweleze mganga kama amepita Busia au Tororo. Malale ya upande huo huua kwa miezi michache, lakini yakigunduliwa mapema yanatibika.