Kumpima Mtawala: Somo la Waazteki

Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa kama mtawala fulani alikuwa mwema au mbaya, aghalabu hutazama mwisho wa habari tu. Alishinda vita, basi mwema. Alishindwa, basi mbaya. Hapana budi mwalimu wa historia aiondoe haraka hiyo, na watawala wa Waazteki wanafaa sana kwa kazi hii.

Kabla ya kutaja jina lolote, mwalimu aeleze kwamba Tenochtitlan, mji wao mkuu, ulijengwa kisiwani katikati ya ziwa, mahali ulipo leo mji mkuu wa Meksiko. Mtawala aliitwa tlatoani, yaani "asemaye", na wakuu walimchagua kutoka ukoo wa kifalme. Kisha awaulize wanafunzi: watu wa mji kama huo walimhitaji mtawala kwa mambo gani? Chakula, maji safi, kinga ya mafuriko na maadui, hukumu za haki. Majibu yaandikwe ubaoni na yasifutwe. Hivyo ndivyo vipimo.

Ndipo aletwe Ahuitzotl, aliyetawala tangu 1486 hadi 1502. Mwalimu asimulie kwanza ushindi wake: majeshi yake yalifika Soconusco, karibu na Guatemala ya leo, na ushuru ukamiminika mjini. Darasa lipige kura. Wengi watamsifu.

Sasa ifuate habari ya maji. Mji ulikuwa umekua, na Ahuitzotl akataka kuvuta maji ya chemchemi za Coyoacan. Tzotzoma, mtawala wa huko, alimwonya kwamba maji hayo hufurika. Masimulizi ya kale yasema aliuawa kwa ajili ya onyo hilo. Mfereji ukajengwa. Maji yakafurika, nyumba na mashamba yakaharibika, na Ahuitzotl akalazimika kutafuta shauri kwa Nezahualpilli wa Texcoco. Kura ipigwe tena, na kila abadiliye rai yake ataje kipimo kilichombadilisha. Kwa maoni yangu, kumwua mshauri ni kosa kubwa kuliko mfereji wenyewe. Lakini mwalimu asiseme hivyo mapema, maana darasa zima litamfuata.

Mwanafunzi mwerevu atauliza juu ya mateka waliotolewa kafara Hekalu Kuu lilipozinduliwa mwaka 1487. Asinyamazishwe. Darasa lifikiri: je, vipimo vya ubaoni ni vya wenyeji wa mji peke yao? Walioshindwa vitani wangeandika nini hapo?

Moctezuma wa Pili, aliyetawala kuanzia 1502 hadi 1520, awekwe kwa kipindi cha pili. Habari nyingi za woga wake ziliandikwa baada ya Wahispania kuuteka mji mwaka 1521, na walioshindwa walihitaji mtu wa kulaumiwa. Hivyo kazi ya nyumbani iwe swali hili: ni nani aliyesimulia habari hizi, na zilimfaa nani?