Kiduha ni Kupe wa Mahindi

Afya njema huanza na chakula cha kutosha. Leo tujifunze juu ya gugu linalopunguza mavuno ya mahindi, mtama, uwele na ulezi. Gugu hilo ni kiduha.

Umewahi kuona mahindi yamedumaa na kunyauka ingawa udongo una unyevu? Watu wengine husema shamba limerogwa. Siyo uchawi. Chimbua shina moja taratibu, utazame mizizi yake. Huenda ukakuta vijimea vyeupe vimeng'ang'ania mizizi. Hivyo ndivyo viduha. Hunyonya maji na chakula cha mahindi kama kupe anyonyavyo damu ya ng'ombe.

Baada ya wiki kadhaa kiduha huchomoza juu. Kandokando ya Ziwa Viktoria maua yake ni ya zambarau. Aina nyingine ina maua mekundu. Wakati huo wakulima wengi wamekwisha maliza palizi. Huyaona maua, huyaacha. Hilo ni kosa kubwa. Kiduha kimoja huweza kutoa mbegu maelfu mengi, ndogo kama vumbi. Mbegu hizo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10, zikingoja mahindi.

Tufanye nini?

1. Ng'oa viduha kabla ya kutoa maua. Rudia mpaka wakati wa mavuno. Vilivyokwisha toa maua vichome moto. Usiwape ng'ombe, maana mbegu zitarudi shambani pamoja na samadi.

2. Badilisha mazao. Baada ya mahindi panda pamba, karanga, kunde au alizeti. Mizizi ya mazao haya huamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuinyonya. Hufa kwa njaa.

3. Tia samadi iliyooza vizuri. Kiduha hustawi zaidi katika udongo uliochoka.

4. Safisha jembe na miguu utokapo katika shamba lenye kiduha. Panda mbegu safi.

Kung'oa hakutarudisha mahindi yote yaliyopotea mwaka huu. Lakini kutaokoa chakula cha watoto wako miaka ijayo. Mshirikishe na jirani yako, kwa sababu upepo na maji ya mvua hubeba mbegu kutoka shamba hadi shamba.

Maswali

1. Kiduha hupata wapi chakula chake?
2. Kwa nini tung'oe kiduha kabla ya kutoa maua?
3. Katika kijihi chenu mnaweza kupanda zao gani baada ya mahindi? Jadilianeni.