Joto Lililomo Ndani ya Lita: Kuchagua Alkoholi ya Kupikia

Majiko ya ethanoli yanazidi kuingia majikoni mwetu. Kijitabu hiki kinakusaidia kujua unanunua joto kiasi gani, na alkoholi ipi usiiguse kabisa.

Alkoholi hazilingani

Gramu moja ikiungua yote, hutoa joto lifuatalo:

- Methanoli: kilojuli 22.7
- Ethanoli: kilojuli 29.7
- Propanoli: kilojuli 33.6
- Butanoli: kilojuli 36.1
- Mafuta ya taa: takriban kilojuli 46

Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kilojuli 315 hivi. Kama joto lote lingeingia kwenye maji, ungetumia karibu gramu 14 za methanoli, 11 za ethanoli au 9 za butanoli. Jikoni utatumia zaidi, kwa sababu joto jingi hupotelea pembeni mwa sufuria.

Kwa nini zinatofautiana?

Joto hutokana na kaboni na haidrojeni zinapoungana na oksijeni ya hewani. Oksijeni iliyomo tayari ndani ya alkoholi haiongezi joto, inaongeza uzito tu. Ni sawa na kununua mahindi kwa kilo yakiwa bado kwenye magunzi. Nusu ya uzito wa methanoli ni oksijeni. Kwenye ethanoli ni zaidi kidogo ya theluthi. Kwenye butanoli ni karibu moja ya tano.

Basi kwa nini tunapikia ethanoli?

Kwa sababu hupatikana kwa kuchachusha molasi ya viwanda vya sukari na kuikeneka, tena huwaka kwa mwali wa buluu usioacha masizi. Ethanoli iliyotiwa maji hutoa joto pungufu, kwani sehemu ya joto huishia kuyageuza maji hayo kuwa mvuke.

Linganisha bei kwa joto

Lita ya ethanoli ina takriban asilimia 60 ya joto la lita ya mafuta ya taa. Tuseme mafuta ya taa ni shilingi 3,000 kwa lita: ethanoli hulingana nayo ikiuzwa 1,800. Ikizidi hapo, hakikisha jiko lako linapoteza joto kidogo kuliko la zamani. Njia rahisi ni kuhesabu lita moja inakupikia milo mingapi kwenye kila jiko.

Methanoli ni sumu

Mililita 10 tu, yaani vijiko viwili vya chai, zinaweza kupofusha mtu. Kiasi kisichozidi hapo sana kinaweza kuua. Haina rangi, na kwa harufu huwezi kuitofautisha na ethanoli. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, hivyo mtu huungua kabla hajauona. Usinunue spiriti isiyo na lebo. Ethanoli ya kupikia nayo si kinywaji, kwa kuwa hutiwa kemikali za kuzuia isinywewe. Aliyekunywa yoyote kati ya hizi apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado anajisikia mzima.

Unapopika

1. Zima jiko, liache lipoe, ndipo uongeze mafuta.
2. Fungua dirisha.
3. Weka kanista mbali na moto na watoto, wala usihamishie mafuta kwenye chupa ya soda au maji.
4. Moto ukisambaa, ufunike kwa mfuniko au blanketi zito lililoloweshwa.