Dondoo muhimu: Kuombea ruzuku mradi wa vijana walio katika mazingira magumu

Kwa asasi ndogo za Tanzania:

• Nyaraka kwanza. Andaa cheti cha usajili, katiba, taarifa za benki na hesabu zilizokaguliwa kabla tangazo la ruzuku halijatoka.

• Soma vigezo vyote. Mfadhili wa elimu ya wasichana hatalipia ujenzi wa ofisi yenu.

• Wasikilize vijana. Waulize wanachohitaji ndipo muandike. Anayeuza karanga stendi anajua kwa nini aliacha shule.

• Taja mambo bayana. “Vijana 40 wa kata mbili watajifunza ushonaji kwa miezi 6” inaeleweka kuliko “kuwakomboa vijana”.

• Bajeti ifuate shughuli. Nauli, vitambaa, posho ya mkufunzi na ukaguzi wa hesabu: kila shilingi iwe na kazi yake.

• Linda utu wao. Kwa aliye chini ya miaka 18, pata ridhaa yake na ya mlezi kabla ya kutumia picha.

• Mkipata, wekeni wazi. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali (NGO) za 2018 zilitaka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe hadharani. Mwulizeni Msajili wa mashirika hayo utaratibu wa sasa.

• Mkikosa, ombeni maoni ya mfadhili. Rekebisheni andiko, ombeni tena. Vijana hawa wanastahili subira yenu.