Hali za Oda katika Java: Nambari au Enamu?

Swali: Hali za oda nimeziandika kwa nambari 0, 1 na 2. Je, yafaa?

Jibu: Ndugu msomaji, desturi hiyo ilikuwa na udhuru kabla ya mwaka 2004, Java 5 ilipokuwa haijaleta enamu, ama sasa haina, kwani kompaila, ionapo nambari tupu, haina dalili ya kutambua kuwa 7 si hali ya oda yoyote, nayo huipokea bila ya pingamizi. Tangaza enamu HaliYaOda yenye IMEPOKEWA, IMELIPWA na IMETUMWA, na kosa hilo litakataliwa programu ingali haijaendeshwa. Lakini nakusihi sana, katika hifadhidata weka jina la thamani, wala si nafasi yake katika orodha. Maana siku utakapoingiza IMEFUTWA kabla ya IMETUMWA, oda zote zilizokwisha tumwa zitasomeka kuwa zimefutwa.